KUBADILI OILI YA GARI NYUMBANI: KAZI YA MKONO NA HAKI ZA WATU

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha mwanadamu asiyoyajua, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake, na Masahaba zake.

Ama baada ya hayo: katika Sura ya An-Nahl, aya ya 8, Mwenyezi Mungu ametutajia farasi, nyumbu na punda kuwa ni vipando vyetu na mapambo yetu, kisha akatujulisha kwamba huumba na vingine tusivyovijua. Wafasiri wa zama za karibuni wameona kwamba motokaa, meli na ndege haziko nje ya maana ya aya hiyo. Basi gari iliyosimama mbele ya nyumba ya Mwislamu ni neema, na neema haikosi haki zake. Wengi wetu tumehifadhi dua ya kupanda chombo, iliyomo katika Sura ya Az-Zukhruf. Lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba chombo hicho hicho, baada ya dua, chataka kutazamwa. Ngamia hufungwa kwanza, ndipo akategemewa Mungu, hayo ndiyo mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.).

Makala haya yanahusu kazi moja ndogo katika utunzaji wa gari, nayo ni kubadili oili ya injini nyumbani. Huenda msomaji akauliza: jambo hili la spana na grisi laingiaje katika jarida la dini? Jawabu ni kwamba katika kazi hii ya saa moja zimekutana haki tatu kubwa. Ya kwanza ni haki ya mali, kwani gari ni amana na kuiharibu kwa uzembe ni israfu. Ya pili ni haki ya roho, kwa kuwa wako watu waliokufa chini ya magari yao wenyewe. Ya tatu ni haki ya jirani, ambaye maji ya kisima chake yaweza kuharibiwa na mafuta tuliyoyamwaga sisi. Mwenye kuzichunga haki hizi tatu amefanya kazi yake vizuri, na mwenye kuzipuuza, hata injini yake ikilia vizuri namna gani, amebakiwa na deni.

Wala mtu asidhani kwamba kuchafua mikono kunamshusha daraja. Nabii Daud (a.s.) alilainishiwa chuma akafundishwa kutengeneza deraya, na Nabii Zakaria (a.s.) alikuwa seremala. Mtume wetu (s.a.w.), kama alivyosimulia Bibi Aisha (r.a.), alikuwa nyumbani akishona viatu vyake na kuwasaidia watu wake katika kazi zao.

KAZI YA OILI NDANI YA INJINI

Ndani ya injini viko vyuma vinavyokwenda kwa kasi kubwa mno. Injini inayozunguka mara 3,000 kwa dakika, ambao ndio mwendo wa kawaida katika njia kuu, kila pistoni yake hupanda mara 3,000 na kushuka mara 3,000 katika dakika hiyo moja. Lau vyuma hivyo vingegusana vikavu, vingeshikana na kuyeyuka katika muda mfupi. Oili huingia baina yao ikafanya utando mwembamba, kiasi kwamba chuma huteleza juu ya mafuta na wala si juu ya chuma mwenzake.

Tena oili ina kazi nyingine zisizoonekana. Huchukua joto kutoka mahali ambapo maji ya rejeta hayafiki. Huosha masizi na kuyabeba hadi kwenye filta. Huzuia kutu. Huziba mwanya mdogo ulioko baina ya pistoni na ukuta wake, ili nguvu ya moto isipotee. Kwa ajili ya kazi hizi ndiyo maana oili huwa nyeusi: weusi huo ni uchafu iliouchukua ili injini ibaki safi. Lakini kila kibebacho mzigo hufika mwisho wa nguvu zake. Oili iliyochoka hupoteza uzito wake, dawa zilizochanganywa ndani yake huisha, na mwishowe huganda ikawa tope jeusi linaloziba njia nyembamba. Hapo ndipo injini hufa, na bei ya injini haifanani hata kidogo na bei ya madumu mawili ya oili.

WAKATI GANI, NA OILI IPI

Shahidi wa kwanza ni kitabu cha gari. Oili ya kawaida itokanayo na mafuta ya ardhini hubadilishwa, kwa magari mengi, kila baada ya kilomita 5,000. Na ile iliyotengenezwa kwa ustadi wa maabara huweza kufika kilomita 10,000 au kuzidi, kwa kadiri ya maagizo ya aliyeiunda gari. Yafaa kukumbuka pia kwamba oili huchakaa kwa muda kama inavyochakaa kwa mwendo. Gari isimamayo sana, ikatolewa kwa safari fupi za sokoni na shuleni tu, haipati joto la kukausha unyevu ulioingia ndani. Basi nayo ibadilishiwe japo kilomita hazijatimia, walau mara moja kwa mwaka. Na gari inayoenda katika vumbi na misongamano yataka mapema zaidi kuliko inayopita njia nzuri.

Ama namba zilizoandikwa juu ya dumu, kama 20W-50 au 5W-30, wengi huzisoma bila ya kuzifahamu. Namba ya kwanza, yenye herufi W, yaonyesha jinsi oili inavyotiririka wakati wa baridi; kadiri inavyokuwa ndogo, ndivyo oili inavyowahi kufika juu injini inapowashwa. Namba ya pili yaonyesha uzito wake injini ikiisha kupata moto. Baadhi ya watu wa pwani husema kwamba nchi yetu ina joto, kwa hivyo oili nzito ndiyo bora kwa kila gari. Kauli hii haisihi. Injini nyingi za siku hizi zina njia nyembamba mno za oili, na zimepimwa kwa oili nyepesi kama 5W-30 au 0W-20. Tazama kitabu cha gari, au kifuniko cha mahali pa kumiminia oili, kwani mara nyingi namba huandikwa hapo.

Kiasi nacho hutofautiana. Kwa mfano, Toyota Probox na Corolla zenye injini ya 1NZ-FE, ambazo ni nyingi katika njia zetu, huchukua lita 3.7 pamoja na filta mpya. Kwa hivyo mwenye kununua dumu la lita 4 atabakiwa na kidogo, nacho asikimimine kwa tamaa ya kumaliza dumu.

Jambo la mwisho katika kununua ni uaminifu. Wako wauzaji wanaokusanya oili iliyotumika, wakaichuja, wakaitia katika madumu yenye nembo za watu na kuiuza kuwa ni mpya. Huyo ametenda lile lile alilolikemea Mtume (s.a.w.) sokoni, alipotia mkono ndani ya rundo la nafaka akakuta umande chini yake, akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja nasi. Nunua kwa mtu anayejulikana, tazama lakiri ya kifuniko, na dumu likiisha, litoboe au ulikate kabla ya kulitupa, lisije likawa chombo cha ghushi nyingine.

ROHO KWANZA

Kabla ya kugusa spana, na ifahamike kwamba jeki imetengenezwa kwa kunyanyua gari. Haikutengenezwa kwa kuishikilia juu ya kifua cha mtu. Jeki huteleza, na mafuta yake huvuja. Mwenye kuingia chini ya gari iliyoshikiliwa na jeki peke yake amejitupa katika maangamizo kwa mikono yake, nalo ni jambo tulilokatazwa katika Sura ya Al-Baqara. Matofali nayo si kinga, kwa sababu tofali hupasuka ghafla bila ya kutoa dalili.

Gari isimamishwe mahali pa sawa na pagumu. Breki ya mkono ivutwe, gia itiwe, na magurudumu yanayobaki chini yawekewe vigingi vya mbao mbele na nyuma. Gari inyanyuliwe, kisha ikalishwe juu ya stendi mbili za chuma zenye nguvu ya kutosha, mahali pale palipoonyeshwa na kitabu chake. Baada ya hapo isukumwe kwa mkono. Ikitikisika, basi kazi ianzwe upya. Asiyekuwa na stendi asifanye kazi hii nyumbani, wala asione haya kwenda gereji. Magari mengine yamesimama juu kiasi ambacho mtu hufikia chini bila ya kuyanyanyua, na hilo ndilo jepesi zaidi.

Vile vile injini isiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wa gari una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu naye adhani amepatwa na usingizi tu. Na watoto wawekwe mbali mpaka kazi imalizike. Aliyebaleghe na mwenye akili aitwe asaidie, ili apate kujifunza.

NAMNA YA KUIFANYA KAZI

Vitu vinavyohitajika ni hivi: oili mpya na filta mpya zinazolingana na gari, spana ya bolti ya chini, ambayo kwa Toyota nyingi ni namba 14, washa mpya ya bolti hiyo, beseni pana lenye kuchukua zaidi ya lita 5, faneli, matambara, glavu, na dumu tupu lenye kifuniko kwa ajili ya mafuta machafu.

Kwanza, iwashe injini kwa dakika chache ipate uvuguvugu, kisha uizime. Oili vuguvugu hutiririka na kutoka pamoja na uchafu wake, ilhali iliyo baridi huacha tope nyuma. Lakini gari ikiwa imetoka safari, ngoja nusu saa, kwani oili ya moto huunguza ngozi. Ndipo uinyanyue kama tulivyoeleza.

Pili, fungua boneti na uondoe kifuniko cha kumiminia oili, ili hewa iingie na mafuta yatoke kwa upesi. Weka beseni chini ya sampu. Tafuta bolti ya kumwagia, uilegeze kwa spana kwa kuizungushia kushoto, kisha uimalizie kwa vidole huku ukiisukuma kidogo juu, na mwisho uivute upesi kando. Oili itaruka mbali kidogo mwanzoni, halafu itakaribia. Basi beseni liwe pana na lisogezwe. Acha itiririke mpaka ibaki matone, yaani dakika kumi au zaidi.

Tatu, pangusa bolti, uivishe washa mpya, na uirudishe kwa vidole kwanza. Ikikataa kuingia kwa vidole, usiilazimishe kwa spana, kwani imekaa upande. Itoe uanze tena. Ikiisha kuingia yote, ikaze kwa spana kwa nguvu ya wastani. Wenye pupa hudhani kukaza mno ndiyo usalama, kumbe nyuzi za sampu ni laini, nazo zikikatika gharama yake ni kubwa.

Nne, sogeza beseni chini ya filta, kwa kuwa ndani yake mna oili pia. Ifungue filta kwa kuizungushia kushoto. Itazame kwa makini: je, mpira wake wa duara umetoka nayo? Mara nyingine mpira wa zamani hubaki umeganda kwenye injini, na filta mpya ikifungwa juu yake, mipira miwili haishikani. Oili yote humwagika njiani katika dakika chache na injini ikafa. Upangushe uso wa mahali pa filta, upake mpira mpya oili safi kwa kidole, kisha uifunge filta kwa mkono mtupu. Mpira ukigusa, zidisha robo tatu ya mzunguko, au kama ilivyoandikwa juu ya filta yenyewe. Magari mengine yana filta ya karatasi inayokaa ndani ya kikombe. Hayo yana mipira yake, nayo hubadilishwa pamoja na filta.

Tano, ishushe gari na umimine oili mpya kwa faneli. Mimina pungufu kidogo ya kiasi kilichoandikwa, funga kifuniko, kisha uwashe injini kwa muda wa dakika moja. Taa nyekundu ya oili lazima izimike baada ya nukta chache. Isipozimika, zima injini mara moja utafute sababu. Injini ikiwa bado inanguruma, chungulia chini kwenye bolti na filta, uone kama kuna tone lolote.

Sita, zima injini na ungoje dakika tano, gari ikiwa mahali pa sawa. Chomoa kijiti cha kupimia, kipanguse, kirudishe mpaka mwisho, kisha ukichomoe tena na usome. Oili na ifike baina ya alama mbili, karibu na ile ya juu, wala isiipite. Ikipungua, injini hukosa mafuta. Ikizidi, krenki huipiga hata ikawa povu, na povu haliwezi kulainisha chuma. Hapa msomaji ataona kwamba wastani, ambao dini yetu imeusifu katika kula na katika kutoa, wahitajika hata katika tumbo la injini.

Mwisho, andika tarehe na namba ya kilomita katika daftari, au katika karatasi iliyobandikwa ndani ya boneti. Kumbukumbu hii itakufaa wewe, na itamfaa atakayeinunua gari hiyo siku za mbele, kwani aliyeuza na kubainisha ndiye hubarikiwa katika biashara yake.

MAFUTA MACHAFU YAENDE WAPI?

Hapa ndipo palipo na mtihani wa kweli, kwa sababu hakuna askari anayetazama. Wengi wakishamaliza kazi humwaga mafuta machafu nyuma ya nyumba, au katika mtaro, au katika choo cha shimo, wakaona yameisha. Hayakwisha. Oili haiozi upesi kama majani. Imebeba unga wa vyuma na sumu za moto wa injini, na mvua ikinyesha huiteremsha chini hatua kwa hatua. Idara ya mazingira ya Marekani imewaonya watu wake kwamba mafuta yanayotoka katika gari moja, kwa mara moja tu, yaweza kuharibu galoni milioni moja za maji matamu, nayo ni maji ya watu 50 kwa mwaka mzima.

Khaswa sisi watu wa Mwambao na visiwani hatuna budi kulitia maanani jambo hili. Nyumba zetu nyingi zimesimama juu ya mawe ya matumbawe, nayo yana matundu na mianya kila upande. Kinachomwagwa juu hakina kizuizi kikubwa cha kukitenga na maji yaliyo chini. Na visima vyetu ndivyo vinavyonywesha mitaa, na ndivyo vinavyojaza mabirika ya misikiti mingi ya zamani. Je, itakuwaje mtu atie sumu ardhini asubuhi, kisha adhuhuri aende kutawadha kwa maji ya ardhi hiyo hiyo?

Mtume (s.a.w.) alituhadharisha tusikidhi haja katika vyanzo vya maji, wala katikati ya njia, wala katika kivuli cha watu, kwani kufanya hivyo huleta laana. Basi ikiwa hiyo ndiyo hukumu ya uchafu ambao ardhi huumaliza kwa siku chache, tuseme nini juu ya uchafu unaokaa miaka? Na kanuni mashuhuri ya sheria yetu ni kwamba hapana kujidhuru wala kudhuru wengine.

Njia iliyo sawa ni nyepesi. Yamimine mafuta hayo katika dumu lenye kifuniko, uandike juu yake kwa herufi kubwa kwamba ni oili chafu, na uyapeleke kwa gereji au kituo cha petroli kinachokusanya mafuta hayo katika mapipa. Huko huuzwa kwa wenye kuyasafisha upya, au kwa wenye tanuri kubwa wanaoyatumia kuwa kuni. Usiyachanganye na maji, petroli wala rangi, kwa sababu yakichanganyika hayasafishiki. Filta ya zamani nayo iinamishwe juu ya dumu usiku kucha, mpaka itoe yote.

Wala mafuta hayo, yawe mapya au machafu, yasiwekwe katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto huiona chupa na hajui kilichomo. Ikitokea mtoto amekunywa, asitapishwe, kwani mafuta huweza kuingia mapafuni. Apelekwe hospitali mara moja pamoja na ile chupa. Na ile desturi ya kuwapaka mbuzi vidonda vyao kwa oili chafu iachwe: mnyama huilamba, naye hana ulimi wa kutushitaki hapa duniani.

MIKONO, NGUO NA SALA

Watafiti wamethibitisha kwamba mafuta ya injini yaliyotumika, yakipakwa mara kwa mara katika ngozi za panya, huleta saratani. Kwa hivyo glavu si anasa, na tambara lenye oili lisikae mfukoni. Aliyepatwa na mafuta mikononi aoshe kwa sabuni ya maji na chembe za sukari au mchanga laini, wala asitumie petroli, kwani petroli hupenya ngozini.

Ama kuhusu udhu: oili ya injini si najisi kwa asili yake, ila ikichanganyika na najisi. Lakini grisi nzito au tope lililoganda juu ya ngozi au chini ya kucha, likizuia maji yasifike, lazima liondolewe kabla ya kutawadha. Ikibaki rangi tu isiyo na ganda, au ulaini ambao maji hupita juu ya ngozi yenyewe, hapana dhara. Ni vizuri zaidi kazi hii ipangiwe wakati ulio mbali na adhana, ili mtu asijikute anasugua kucha huku imamu amekwisha kukimu.

FUNDI NAYE ANA HAKI YAKE

Hatukusudii kwa maneno haya kuwanyima mafundi riziki zao. Asiye na nafasi, au nguvu, au vyombo, na ampelekee fundi, amlipe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, wala asimpunje kwa kuwa kazi ni ndogo. Lakini hata huyo imempasa kuijua kazi, ili amnunulie fundi oili iliyo sawa, aione filta mpya ikitoka katika sanduku lake, na amuulize kwa upole: mafuta machafu unayapeleka wapi? Swali hilo moja, likiulizwa na wenye magari kumi katika mtaa mmoja, litasafisha gereji kuliko hotuba nyingi. Na wake zetu na binti zetu wanaoendesha magari nao wajifunze kukisoma kijiti cha kupimia, kwani taa nyekundu haichagui nani ameshika usukani.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuzishukuru neema zake kwa ulimi na kwa vitendo, azilinde safari zetu na watoto wetu, na atuepushe na kuwa sababu ya dhara kwa jirani, kwa mnyama na kwa maji aliyoyateremsha. Amin.